Gari lenye rangi mpya: maji matupu, ndoo mbili, mashine ya presha au dawa ya kunyunyiza?

Mwenye gari aliyetoka kulipaka rangi upya hujikuta na swali moja ndani ya siku chache: vumbi limeshatua, kunguru wameshapita juu ya boneti, na fundi alisema tu lisioshwe kwanza, bila kueleza ni kwa muda gani wala ni uoshaji wa namna gani anaoukataza. Wengine hutii kwa kuliacha gari na uchafu wake mwezi mzima, wengine hulipeleka siku ya tatu kwenye kituo cha kuoshea magari kama walivyozoea, na pande zote mbili huweza kuiharibu rangi, kwa sababu kinyesi cha ndege kilichoachwa juani hudhuru rangi changa kama inavyodhuru sponji yenye mchanga.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kusuuza kwa maji matupu bila kugusa, kuosha kwa mkono nyumbani kwa ndoo mbili, kulipeleka gari kwenye kituo cha mtaani chenye mashine ya presha, na kufuta kwa dawa ya kunyunyiza isiyohitaji maji. Mashine za brashi zinazozunguka, ambazo wasomaji walioko Ghuba, Ulaya na Amerika ya Kaskazini huzikuta kwenye vituo vya mafuta, sikuziweka kwenye ulinganisho, kwa kuwa hakuna hali ambayo ningezipendekeza kwa rangi changa. Brashi hizo hubeba mchanga wa magari yaliyotangulia, na hata rangi ya kiwandani iliyokwisha kukomaa huiachia alama.

Rangi changa ni ipi hasa

Rangi kushikika bila kunata si dalili kwamba imekomaa. Rangi ya 2K, ambayo fundi huichanganya na hadina, yaani dawa ya kukazia rangi, kabla ya kuipuliza, hukomaa kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: thina inatoka na kupotea hewani, na hadina inaungana na rangi mpaka vyote viwe utando mmoja mgumu. Gari likipashwa joto kwenye oveni ya gereji, kwa kawaida nyuzi 60 za Selsiasi kwa takriban nusu saa, sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika siku hiyo hiyo, na kwa kawaida linaweza kuoshwa kwa mkono, kwa upole, mara wiki ya kwanza inapopita. Gari lililopulizwa bandani na kuachwa likauke kwa hewa linadai subira ndefu zaidi, hasa miezi ya Juni na Julai katika sehemu za baridi kama Nairobi, Iringa na Mbeya, kwa kuwa baridi huichelewesha hadina. Rangi ya NC, isiyotumia hadina, ina tabia yake: hukauka upesi kwa kugusa, lakini huendelea kuyeyushwa na thina maisha yake yote, na mwenye gari la namna hiyo ana sababu ya ziada ya kuogopa dawa kali hata baada ya mwaka.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia yoyote, muulize fundi alitumia rangi gani, kama aliipasha joto au la, na kopo la rangi lilielekeza nini. Ushauri wa kawaida wa gereji nyingi ni kutoosha kabisa wiki ya kwanza, kuepuka presha na brashi kwa siku 30 za mwanzo, na kutopaka waksi mpaka zipite siku 30 hadi 90, kutegemea aina ya rangi. Maelekezo ya kopo yakitofautiana na makala haya, yafuate yale ya kopo, kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya rangi iliyo kwenye gari lako.

Gari linalotoka kiwandani halimo katika mjadala huu. Rangi yake huokwa kwa joto la nyuzi 140 hivi kabla ya viti na vioo kufungwa, nalo huwa limekomaa zamani linapofika dukani. Vivyo hivyo gari la mtumba kutoka Japani lenye rangi yake ya asili, ila kama bampa au mlango ulirekebishwa hapa baada ya kushushwa bandarini. Hapo sehemu hiyo moja ndiyo ya kuhurumiwa, si gari zima.

Njia hizi nne tutazipima kwa mambo manne: msuguano unaoifikia rangi, nguvu ya maji, kemikali zinazoigusa, na kile ambacho kila njia inakugharimu kwa maji, muda na fedha. Nimeanza na msuguano kwa sababu ndio unaoharibu magari mengi kuliko mengine yote.

Msuguano

Vumbi lililotulia juu ya rangi halikwaruzi. Linakwaruza pale mkono unapolipitisha, kwa sababu chembe ya mchanga ni ngumu kuliko klia, ule utando wa juu wa rangi unaopitisha nuru na kung'aa, hata iliyokomaa, na klia changa ni laini zaidi. Mikwaruzo hiyo haionekani siku ya kuosha. Huonekana usiku chini ya taa za kituo cha mafuta, ikiwa imejipanga kwa miduara kama utando wa buibui, na gari likiwa jeusi au la buluu iliyokolea huonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Dawa yake ya kawaida ni kuisugua klia kwa mashine ya polishi, jambo ambalo fundi makini hatalifanya kabla rangi haijakomaa. Hivyo mkwaruzo wa wiki ya pili utaishi nao kwa muda.

Kusuuza kwa maji matupu hakuna msuguano wowote, na hilo ndilo fungu lake bora. Upungufu wake ni kwamba vumbi laini, lile linaloshikwa na umande wa alfajiri na kukauka, halitoki lote. Gari likikauka hubaki na ukungu hafifu ambao humshawishi mwenyewe kuupitishia kitambaa kikavu, na kitambaa hicho kimoja kinafuta faida yote iliyopatikana. Anayechagua njia hii lazima akubali gari lisilong'aa sana.

Kuosha kwa ndoo mbili kuna msuguano, lakini ni msuguano unaotawalika, na undani wake unastahili kuelezwa. Ndoo ya kwanza ni ya maji yenye shampuu ya gari, ya pili ni ya maji safi ya kusuuzia glovu. Gari husuuzwa kwanza kwa maji mengi ili mchanga uliolegea uondoke wenyewe. Kisha glovu laini ya kuoshea huchovywa kwenye shampuu, hupitishwa juu ya kipande kimoja tu cha bodi kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza, na kabla ya kurudi kwenye shampuu husuuzwa kwenye ndoo ya pili. Mtu akitazama ndoo hiyo baada ya kumaliza paa na boneti ataona mchanga umelala chini. Huo ndio ambao, kwa ndoo moja, ungerudi kwenye mlango. Mwendo ni kutoka juu kwenda chini: paa, vioo, boneti, milango kwa sehemu ya juu, na mwisho kabisa ile sehemu ya chini ya milango na bampa ambako matope huganda. Rimu zina kitambaa chake kisichogusa bodi kamwe. Pete, saa na bangili huvuliwa, na mkanda wenye chuma kikubwa cha kufungia hufunikwa na shati, kwa kuwa anayeinama kufikia katikati ya paa huulalia mlango bila kujua. Kukausha nako ni kwa kulaza taulo la maikrofaiba juu ya bodi na kulibonyeza polepole. Kulivuta ni kusugua.

Kwenye kituo cha mtaani msuguano hautokani na mashine, unatokana na kitambaa. Vijana wengi wa vituo hivi wanaijua kazi yao na mikono yao ni miepesi, ila wanalipwa kwa idadi ya magari, na sponji iliyoosha chasisi ya daladala saa tatu asubuhi ndiyo hiyo hiyo itakayopita juu ya boneti yako saa nne. Ikianguka chini huokotwa, hukamuliwa mara moja, na kazi inaendelea. Povu zito linalorushwa kwa mtungi ni jambo la kuvipa sifa vituo hivi, kwa kuwa hulegeza uchafu kabla ya mtu kuugusa na nyumbani wachache wana kifaa chake. Hasara inaanza pale povu linapofuatiwa na sponji hiyo.

Dawa ya kunyunyiza hufanya kazi kwa kuzizunguka chembe za vumbi kwa utelezi ili kitambaa kiziinue bila kuziburuta. Kwa vumbi jepesi la siku moja au mbili, na kwa vitambaa vingi safi vinavyogeuzwa kila baada ya kupita mara moja, hutimiza ahadi yake vizuri. Kwa gari lililotoka Voi na vumbi lake jekundu, au lililopita kwenye tope la masika, utelezi huo hautoshi, na kufuta kunakuwa sawa na kupiga msasa taratibu.

Nguvu ya maji

Hapa mpangilio unageuka, na kituo cha presha ndicho chenye kesi ya kujibu. Mashine ndogo za nyumbani nyingi hutoa shinikizo la kati ya baa 100 na 150, na za vituoni huweza kuzidi hapo. Katikati ya boneti rangi iliyoshika vizuri hustahimili shinikizo hilo ikiwa mdomo wa bomba uko mbali. Hatari iko kwenye kingo. Pale fundi alipobandika karatasi na mkanda ili asipulize raba ya kioo, pale alipounganisha rangi mpya na ya zamani, kuzunguka vitasa na kwenye pembe za bampa la plastiki, utando wa rangi huishia kwa ukingo mwembamba, na maji makali yakiingia chini yake huuinua kama ngozi. Kama chini kuna puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi, tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa puti hunywa maji, na baadaye rangi huota malengelenge.

Anayelazimika kutumia presha baada ya mwezi wa kwanza achague mdomo unaotawanya maji kwa upana, asimame walau nusu mita kutoka kwenye bodi, na maji yaje kwa mshazari. Mdomo unaozungusha maji kwa kasi, unaopendwa kwa kutoa matope ya chasisi, usielekezwe kwenye rangi hata kidogo.

Mpira wa bustani, ndoo na kopo havina tatizo hili, na dawa ya kunyunyiza haina maji ya kuogopwa. Ukweli huo pia una upande wake wa pili: chini ya matao ya magurudumu, ambako tope lenye chumvi la barabara za pwani hujificha, hakuna kati ya njia hizo za upole inayofika kama presha. Anayetumia njia ya ndoo au mpira anaweza kuelekeza maji mengi huko kwa muda mrefu bila kugusa bodi, na kwa mwezi mmoja inatosha.

Sabuni, dawa na maji yenyewe

Sabuni ya unga ya kufulia ina ukali wa alkali uliokusudiwa kutoa mafuta kwenye nguo, na kwa rangi changa ni kali mno. Ya kuoshea vyombo ni afadhali kidogo, lakini nayo imetengenezwa kwa masufuria. Shampuu ya gari isiyo na waksi ndiyo inayostahili, na kwa ndoo mbili nyumbani unajua umeweka nini. Kituoni hujui mpaka uulize, na mara nyingi jibu ni sabuni ya unga kwa sababu povu lake ni jingi na bei yake ni ndogo. Baadhi ya vituo hupulizia dizeli au mafuta ya taa chini ya gari ili pang'ae, na huondoa madoa ya lami kwa petroli au thina. Kwenye rangi ya NC, au 2K ya wiki ya pili, kitambaa cha thina huondoka na rangi.

Dawa za kunyunyiza zina jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Nyingi zina waksi au silikoni, na fundi rangi huiogopa silikoni kwa sababu ikibaki kwenye bodi, rangi itakayopulizwa juu yake hukimbia na kuacha vijishimo vya duara. Gari lililotoka gereji karibuni ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kurudi huko, kwa sababu ya sehemu iliyochuruzika au doa la vumbi lililonaswa ndani ya klia. Ni vyema lirudi likiwa safi. Zaidi ya hapo, rangi ambayo bado inatoa thina inahitaji kupumua, na waksi huiziba. Kwa sababu hiyo hiyo usilifunike gari kwa turubai la nailoni wiki za mwanzo. Kivuli chenye hewa kinatosha.

Maji matupu yanaonekana kutokuwa na kemikali, na sivyo yalivyo mahali pengi pa pwani. Maji ya visima vya Dar es Salaam na Mombasa mara nyingi yana chumvi na chokaa; tone likikauka juani huacha duara jeupe ambalo kwenye klia laini huweza kuchimba alama. Hili linaigusa njia ya kusuuza kuliko nyingine, kwa kuwa haina kukausha ndani yake. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ni bora kwa suuzo la mwisho, na ndoo mbili za maji hayo hutosha gari dogo. Kwa njia yoyote ile, osha asubuhi au jioni bodi ikiwa baridi.

Kinyesi cha kunguru, na cha popo kwa wanaoegesha chini ya miembe, hakingoji wiki ya kwanza ipite, wala hakistahili kuoshewa gari zima. Lowesha kitambaa safi kwa maji, kilaze juu ya doa kwa dakika chache mpaka lilainike, kisha kiinue bila kusugua na umalizie kwa maji yanayotiririka. Fanya hivyo hata siku ya pili baada ya kupakwa rangi.

Maji, muda na fedha

Kusuuza ni kwa haraka, lakini mpira ulioachwa wazi hutumia maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Kopo na ndoo ya lita 20 huleta nidhamu. Ndoo mbili hudai karibu saa nzima, vitambaa kadhaa na shampuu, gharama ambayo hulipwa mara moja kisha hudumu miezi. Kituo humwachia mtu muda wake na kumgharimu kiasi kidogo kila safari. Dawa ya kunyunyiza haihitaji bomba wala nafasi ya kumwaga maji, jambo kubwa kwa anayekaa ghorofani, ila chupa moja haiendi mbali na vitambaa lazima vifuliwe kila mara.

Uchague ipi kwa hali yako

Ikiwa rangi haijafikisha wiki moja, usioshe. Ondoa vinyesi na utomvu wa miti kwa kitambaa chenye maji kama ilivyoelezwa, na ukipata mvua usihangaike nayo, suuza tu matone kwa maji safi baadaye.

Ikiwa uko kati ya wiki ya kwanza na mwezi mmoja, una bomba na uwanja, na gari linatembea kwenye lami, kusuuza kila baada ya siku chache na ndoo mbili mara moja moja vinakwenda pamoja vizuri kuliko kimoja peke yake. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, egemea ndoo mbili, kwa sababu zinaishia kwenye taulo. Kama gari lilikaushwa kwa hewa, bakia kwenye kusuuza mpaka wiki ya pili ipite, na uongeze siku kama ni msimu wa baridi.

Anayeishi ghorofani, gari linalala chini ya jengo na linashika vumbi jepesi tu, dawa ya kunyunyiza inamfaa baada ya mwezi, kwa sharti kwamba chupa imeandikwa haina silikoni wala waksi. Kabla ya hapo ni heri aombe ndoo ya maji kwa mlinzi.

Dereva wa teksi, au yeyote ambaye gari ni kazi na lazima liwe safi kila asubuhi, hawezi kuambiwa asiende kituoni. Aende mapema kabla foleni haijaanza, abebe glovu, taulo na shampuu yake, na aseme kabla mashine haijawashwa: "Kaka, rangi hii ni mpya. Naomba unipitishie maji ya kawaida kwa mpira, presha iishie kwenye matairi, na kufuta nitafuta mwenyewe." Wengi hukubali, kwa kuwa kazi inapungua na malipo ni yale yale. Akikataa, kuna kituo kingine.

Kwa gari la shamba, au linalosafiri kwenye vumbi na tope la barabara zisizo na lami, ndoo mbili pekee hazitoshi hata zikifanywa kwa ustadi, kwa kuwa tope lililoganda likiguswa na glovu litakwaruza. Hapo maji mengi kwanza, kwa mpira na kwa subira mpaka tope lilainike na kuanguka lenyewe, ndipo ndoo zifuate. Rangi ikishavuka siku 30, presha ya mbali kwa ajili ya chini ya gari na matao ya magurudumu inakuwa msaada wa kweli kwa gari la namna hii kuliko kwa lile la mjini.

Na kama fundi alikupa muda wa kurudi kukaguliwa, peleka gari likiwa limeoshwa kwa shampuu tu, bila waksi wala dawa ya kung'arisha, ili kasoro zionekane na sehemu ya kurekebishwa iweze kupulizwa siku hiyo hiyo.